Nyuso Zilizoelekea Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Daktari, mpwa wangu, binti wa dada yangu,

Hospitali hii ina mganga mkuu, ina matroni, ina bodi ya wazee saba wenye tai, lakini anayeiendesha ni mimi. Wao wanahangaika na walio hai, ambao wakichoshwa hapa wanahamia hospitali nyingine. Wangu hawana pa kuhamia. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashika funguo za mochwari, na nikipata mafua mji mzima unaahirisha kufa. Muulize yeyote.

Naandika barua kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye karo la kuoshea. Nilipoitoa ilikuwa imeshakata roho, nikaifunga kikaratasi chenye nambari kama wenzake. Kwa hiyo barua nitampa Mpole, dereva wa gari la wagonjwa, anayekuja maabara kwenu kila Jumatatu na Alhamisi. Mpole si jina lake, ni tabia yake. Ndiye anayewachukua wazee wanaoishi peke yao kuwapeleka kliniki. Anawashika kiwiko, anawafunika blanketi miguuni. Akimkuta mmoja amefia kitandani, humleta kwangu mwenyewe, taratibu, bila ving'ora.

Leo anakuletea watatu. Mwalimu mstaafu, bibi mkunga, na yule mzee aliyekuwa akigawa barua za posta. Wote ndani ya mwezi mmoja, wote mtaa mmoja, wote hawana ndugu wa karibu. Mganga mkuu ameandika "moyo" kwa wote, maana kwake kila kitu ni moyo. Nikamwambia, bwana mkubwa, moyo gani huu unaofuata mtaa? Akakuna kichwa, akasaini waletwe kwako. Ukigundua kitu, kumbuka nani aligundua kwanza.

Na usisahau nani alikufanya daktari. Ulikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, nikakuingiza humu uone kazi ya mjomba wako. Mkono wako ulitetemeka kama una homa. Nikaushika mpaka ukatulia. Bila mkono huu ungekuwa unauza vocha.

Ni mimi,
Mjomba wako, Mkuu wa Chumba Baridi


Jumatano, 5 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimewapokea wote watatu, na ulikuwa na haki ya kumsumbua mganga mkuu. Si moyo. Ndani ya kope zao kuna vidoa vyekundu, vidogo kama vimedungwa kwa sindano, na puani nimekuta nyuzi za bluu. Mtu aliwawekea kitu laini usoni akakikandamiza mpaka wakatulia.

Lakini si hilo lililoninyima raha. Unajua damu ikisimama hutuama upande wa chini, na baada ya saa saba au nane inang'ang'ania hapo hapo, haihami tena. Kwa mtu aliyelala chali, tunaikuta mgongoni. Hawa wanayo mgongoni, na wote watatu wanayo pia kwenye shavu la kushoto. Shavu la kushoto zambarau, la kulia jeupe kama karatasi. Fomu za dereva zinasema walikufa usiku, akawakuta asubuhi wamelala. Maana yake aliyewaua hakukimbia. Alibaki pale, akawageuzia nyuso ukutani, akawaacha hivyo hadi kukapambazuka.

Nina miaka mitano katika kazi hii. Juzi nilipomgeuza wa tatu nikaliona shavu lile lile, niliinuka nikaenda kufunga mlango.

Swali la kikazi, Mjomba, nijibu kwa maandishi maana litaingia kwenye ripoti: wakifika kwako unawalazaje?

Mpwa wako


Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu Daktari,

Marahaba. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa cheo changu? Hapa maiti wanalala chali, uso juu, mikono ubavuni, mmoja baada ya mwingine kama gwaride. Andika kwenye ripoti yako kwa wino mzito: CHALI, USO JUU. Kuna mwaka waziri fulani alikuja kukagua, akanong'ona, "Hawa wamenyooka kuliko polisi wangu." Akataka kunichukua makao makuu. Nikakataa kwa sababu ya goti.

Huyo muuaji wako hanitishi. Niliwahi kubaki humu na jambazi aliyekaa wima ghafla kwenye machela, nikamwambia lala, zamu yako bado, akalala.

Mpole alisimama mlangoni wakati nasoma barua yako. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto, "Mzee, Daktari anasemaje?" Nikamwambia siri za kazi hazitoki. Halafu nikamdokeza kidogo tu, habari ya nyuso na ukuta, aone ukoo wetu una watu wa aina gani. Kisha akasema, "Ukutani. Haya." Akaenda zake.

Mjomba


Jumatano, 12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Ripoti imekwenda kwa inspekta wa huko kwenu, na maneno yako nimeyaambatisha: chali, uso juu. Kwa kuwa ni wewe uliyeyaandika, sikuona haja ya kumtuma mtu kuhakikisha.

Inspekta amenipigia leo. Wamemkamata fundi wa fremu za picha, yule mwenye kibanda mkabala na geti la hospitali. Marehemu wote watatu alikuwa amewatengenezea picha, na aliingia majumbani mwao kupima ukuta. Anaishi peke yake, hana wa kusema usiku alikuwa wapi. Na kibandani mwake, anasema inspekta, aliingia mchana kweupe akakuta picha za watu zaidi ya arobaini, zote zimegeuziwa ukutani. Mtu mzima yule, lakini alisema alijisikia kama kaingia kwenye chumba cha watu walionuna.

Aliyewaelekeza polisi huko ni dereva wenu. Alisema alikumbuka tu.

Kesi ikienda mbele, shavu la kushoto ndilo litakalomtia fundi kitanzini. Si kitu kingine, ni ripoti yangu. Ndiyo maana silali vizuri. Unamfahamu?

Mpwa wako


Ijumaa, 14 Machi

Mpwa wangu,

Namfahamu? Huyo ni mwenzangu wa drafti. Miaka tisa namfunga kila Jumapili, na zile chache alizonifunga nilimwachia. Fundi Fremu hana uwezo wa kuua hata mchezo ulioshakufa. Picha anazigeuza kwa sababu jua la mchana linapiga moja kwa moja kibandani, linakula rangi. Mafundi wote wa kazi ile wanafanya hivyo. Inspekta angeuliza angejibiwa. Lakini inspekta akishaona mgongo wa picha anaona mwisho wa kesi.

Sasa nakuuliza mimi, kwa faida ya elimu tu. Hiyo damu ya shavuni haiwezi ikatokea kwa njia nyingine? Labda barabara mbovu, kichwa kikayumba? Au baridi ya majokofu? Nauliza tu, nisije nikaulizwa na watu mitaani nikakosa la kusema.

Mpole siku hizi ananijali mno. Juzi kaniletea uji wa mgonjwa, nami sijaugua. Kauliza kama nyumbani nalala peke yangu. Nikamwambia mimi silali, mimi napumzisha macho.

Mjomba


Jumatatu, 17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Naandika haraka, dereva wako anasubiri jibu. Nimemwambia aketi kwenye benchi la mapokezi, lakini amesimama nje ya dirisha langu. Kila nikiinua kichwa yupo, anatabasamu.

Barabara, hapana. Baridi, hapana. Njia nyingine ni moja tu: mtu awe amekufa dakika chache kabla ya kufikishwa kwenu, na huko kwenu mtu amgeuze uso. Lakini fomu zinasema walikufa usiku, na wewe umeandika uso juu. Kwa hiyo njia hiyo imefungwa pande zote mbili, na inspekta anampeleka fundi mahakamani wiki ijayo.

Kama kuna kitu unataka kuniambia, Mjomba, niambie kabla ya hapo.

Mpwa wako


Jumatano, 19 Machi

Mpwa wangu Daktari,

Barua hii simpi Mpole. Akishika barua lazima aulize Daktari anasemaje, na hii sitaki aulize. Nimempa nesi wa wodi ya watoto anayekuja huko kwenye kozi. Kesho atakuwa ameshakufikia.

Jana nilikwenda kituoni kumwona Fundi Fremu. Jicho moja limevimba limefunga. Nilidhani atanililia, nikawa nimejiandaa kumtia moyo kama ninavyojua. Akasema, "Mjomba, zile picha polisi wameziacha zimetazama mlango. Kazigeuze, jua litawamaliza watu wangu." Basi. Anangoja kitanzi, na anahangaikia jua.

Nikaenda kibandani nikazigeuza zote. Arobaini na tatu. Nikiwa kwenye ya mwisho mikono yangu ikaona aibu, maana kazi hiyo inaijua.

Ni mimi, mpwa wangu. Nyuso za wale watatu nimezigeuza mimi, na za wengine wote kwa miaka ishirini na miwili. Ni njia ya kitaalamu niliyoibuni mwenyewe, ya kuzuia maji ya puani yasirudi kooni. Vitabu vyenu havijaifikia bado. Akifika maiti, kabla sijamfunga kikaratasi, namgeuza uso ukutani. Wengine huja wamekakamaa, inabidi nibembeleze shingo. Wale watatu hawakunipa kazi. Shingo laini, mwili una joto bado. Bibi mkunga nilimgusa mkono nikamwomba radhi nikidhani nimemwamsha. Na daftari la kupokelea siandiki mimi, huandika Mpole, anasema mwandiko wangu una haraka.

Sasa mfungulie rafiki yangu.

Mjomba


UJUMBE WA SIMU. Umeandikwa na karani wa mapokezi, Alhamisi 20 Machi, saa tisa na nusu alasiri. Kutoka kwa Daktari wa maabara. Kwenda kwa mzee wa mochwari.

Mjomba, kama walifika na joto basi hawakufa usiku. Walikufa njiani, ndani ya gari. Asubuhi zote hizo fundi alikuwa kibandani mbele ya geti, watu wote wanamwona. Aliyekuwa nao ni mmoja, na wewe ndiye pekee unayejua walikuwa na joto. Leo alikuja bila barua yako, akaniuliza mara tatu kwa nini hukuandika. Ameondoka hapa saa nne na nusu asubuhi, kabla nesi hajanifikishia barua yako. Inspekta yuko njiani. Usimfungulie dereva. Toka humo, kaa penye watu.

(Mzee, nimebisha hodi hukujibu. Nimeusukuma chini ya mlango. Gari la wagonjwa naliona limeegeshwa huko nyuma kwenye mlango wa machela. Mimi humo siingii. Karani.)


Jumamosi, 22 Machi

Kwa Daktari,

Bila shaka habari zimekufikia, lakini zimekufikia kutoka kwa watu wasiokuwepo. Sikiliza ya mwenye mali.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa nimesimama, bila miwani. Toka humo, unasema. Mimi nikatoe mguu kwenye himaya yangu? Nikaamua kumtegea mtego. Mpole ana ufunguo wa mlango wa nyuma, na viatu vyake vya raba vinalia kwenye sakafu yetu, nyii, nyii, kwa hiyo nilijua nina muda gani. Hapo ndani palikuwa na watano wamefunikwa mashuka, wamejipanga kwa mstari, wote wamegeukia ukutani. Na machela moja tupu mwishoni. Nikapanda. Nikajifunika shuka. Nikageuza uso ukutani kama wenzangu. Sasa tukawa sita.

Akaingia. Akafunga mlango nyuma yake, taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala.

"Mzee," akasema. "Mzee wangu, mbona umeniacha mkavu leo, hata barua fupi?"

Nikasikia nyii, nyii, halafu shuka likifunuliwa. Akamshika wa kwanza kidevu, akamgeuza. Nilisikia, mpwa wangu, shingo iliyokakamaa ikigeuzwa ina sauti yake.

"Si wewe," akasema. Akamfunika. Akamfunika vizuri, akamsawazishia na shuka.

Wa pili. "Si wewe." Wa tatu. Hana haraka. Wa nne alimwambia pole kabla ya kumgusa. Yeye ndiye aliyemleta, wiki iliyopita, naye alikuja shingo laini, ila sikuwa nimekuambia. Wa tano. "Si wewe." Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebakiwa na mlango mmoja. Akaja mpaka kichwani pangu. Blanketi lake la gari nikalisikia kwa harufu, lile la bluu, alikuwa amelikunja kwapani. Akasema, "Unawageuza wasikuone, Mzee. Mimi nilijua siku zote. Mimi nawatazama mpaka mwisho. Mtu akiwa peke yake miaka yote, si haki afe bila kutazamwa."

Hapo nikaona imetosha. Nikaruka juu, nikamkaba, tukagaragara, nikamkalia. Askari walipoingia walimkuta chini yangu anaomba maji. Waandike hivyo.

Shujaa wako,
Mjomba


Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru uko hai. Nimelia, halafu nimecheka, kwa sababu nimesoma pia maelezo ya inspekta. Anasema walipovunja mlango dereva alikuwa ameinama juu ya machela ya mwisho, blanketi mkononi. Walimtia pingu bila rabsha. Waliendelea kuchukua vipimo vya chumba kwa robo saa, wakidhani maiti ni sita, mpaka askari mmoja akasikia meno yanagongana. Ilichukua watu watatu kukushawishi ugeuke.

Nyuzi za puani zimelingana na blanketi. Fundi Fremu ametoka jana. Nimesema hayo kwanza ili ujue umeokoa mtu.

Lakini dereva amekana kila kitu, na blanketi peke yake halitoshi. Wakili wake atasema wazee wote wa kliniki wamefunikwa blanketi lile. Kinachomfunga ni neno lako, kwamba walifika na joto, kwamba uliwageuza wewe. Wewe uliyeandika kwa wino mzito uso juu. Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kwa nini unawageuza. Ukisema maji ya puani, wakili atafungua vitabu mbele ya watu. Mimi nimeshavifungua, Mjomba. Hakuna njia kama hiyo, haijawahi kuwepo. Watakuita mwongo, na mwongo hataaminiwa akisema mkono wa bibi mkunga ulikuwa na joto. Dereva atarudi kwenye gari lake. Kuna wazee wengine mtaa ule.

Dereva alikuambia sababu. Nataka kuisikia kwako.

Mpwa wako


Jumanne, 25 Machi

Mpwa wangu,

Nimepanga kwenda mahakamani na koti la kijivu, lile nililovaa siku uliyohitimu, ambalo kila mtu alidhani mimi ndiye mkuu wa chuo. Hakimu ataona mara moja anashughulika na nani.

Fundi Fremu kaja Jumapili na drafti. Jicho linafunguka. Alinifunga mara nne mfululizo, na safari hii sikumwachia hata moja. Aliniuliza kitu kile kile unachoniuliza. Nikamwambia zamu yako, cheza.

Basi andika, au usiandike, nitasema mwenyewe mbele ya wakili.

Nawaogopa. Siku ya kwanza kazini niliwaogopa, nikajua kesho nitazoea. Sijazoea. Nikigeuka kuchukua pamba nahisi wananitazama mgongoni. Nikiwageuza ukutani ndipo naweza kuwaosha, nikiimba ili wasisikie nikimeza mate. Hakuna jambazi aliyekaa wima. Kulikuwa na mmoja alitoa pumzi tumboni nilipomgeuza, nikakimbia mpaka getini, nikamwambia mlinzi nimetoka kununua sabuni. Na yule waziri alikuja kweli, ila hakuingia ndani, wala mimi siku hiyo sikuingia. Tulisimama wote nje.

Ningeweza kusema mapema, siku uliyoniuliza kwa maandishi. Fundi asingepigwa jicho, na yule wa nne labda angekuwa kliniki leo. Nililinda hili.

Kuna dogo limebaki, halihusu kesi, usilipeleke popote. Siku ile ya miaka tisa, nilipokuingiza humu. Nilikuwa zamu peke yangu, wameniletea mtu wa ajali, na nilishindwa kuingia. Ndiyo maana nilikuja kukuchukua nyumbani kwa dada yangu. Ulitembea mbele. Ulimtazama yule mtu, ukauliza kama anasikia baridi. Na mkono uliokuwa unatetemeka, mpwa wangu, ulikuwa wangu.

Mjomba wako